Mwaka wa Mkeka

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana nimepalilia tangu alfajiri na sina nguvu za kubishana, palikuwa na kijiji bondeni kilichoishi kwa mpunga. Paukwa semeni wenyewe, pakawa itikieni wenyewe. Mimi nasimulia tu.

Kijijini hapo alikuwapo mjane, Bi Siwatu, na binti zake watatu. Mkubwa Mashavu, wa kati Kidawa, mdogo Riziki. Wote walikuwa wamechoka. Mama amechoka kulima, Mashavu amechoka kutwanga, Kidawa amechoka kuteka maji, na Riziki amechoka kwa sababu nyumba ya waliochoka humchosha hata asiyefanya kitu. Lakini Mashavu alizidi. Mganga alikwisha kumwambia: mgongo huo ukitwanga mwaka mwingine, hautanyooka tena.

Sasa palikuwa na desturi. Nyumba iliyoingiza mpunga wake salama, haukumalizwa na ndege, haukuharibiwa na wanyama, haukulowa mvua, iliruhusiwa kumchagua mwanamke mmoja akae kitako. Mwaka mzima hatwangi, hateki, hapalilii. Anatandikiwa mkeka, anakula, analala. Wakauita mwaka wa mkeka. Mmoja tu, hakuna wa pili, maana kazi yake haifi, wanaibeba wanaobaki. Mkeka ule ulitamaniwa kuliko bwana harusi.

Masuke yalipoanza kutia maziwa, kazi ikawa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Konde la Bi Siwatu likagawanywa sehemu tatu, kila sehemu na dungu lake, ulingo mrefu wa miti. Kila binti akapanda dungu lake na kombeo na rundo la madongo. Siku arobaini, tangu jua halijatoka mpaka ndege waende kulala.

Na kule bondeni uhodari ulipimwa kwa sauti. Watu walikaa majumbani wakatega masikio. Dungu linalopiga kelele lina mchapakazi, dungu lililonyamaza lina mvivu. Hakuna aliyekwenda kuutazama mpunga wenyewe. Ndivyo tulivyo.

Basi Mashavu akapiga kelele. Asubuhi akapiga kelele, mchana akapiga kelele, jioni akapiga kelele. Siku ya kumi sauti ikakwaruza. Siku ya ishirini ikawa ya jogoo mgonjwa. Siku ya ishirini na tano haikutoka kabisa, akawa anagonga gogo kwa fimbo. Miguu ikavimba. Akaendelea.

Kidawa yeye alirusha dongo, akatazama. Akarusha, akatazama. Siku ya nne akamwendea mkubwa wake.

"Dada Mashavu, ndege hawa wana saa zao. Wanashuka jua likichomoza mpaka umande ukauke, halafu wanakwenda mtoni kunywa na kujificha vivulini. Hawarudi mpaka alasiri. Mchana kutwa unapiga hewa."

"Na watu wakisikia kimya watasema nini?"

"Waseme. Wewe pumzika."

"Mdogo wangu, mwenye kulala kondeni anaiba chakula cha wenzake. Rudi kwenye dungu lako."

Kidawa akarudi. Asubuhi alifanya kazi kwelikweli, alasiri alifanya kazi kwelikweli. Mchana akalala kidogo, akiamka anasuka makanda ya kutilia mpunga. Kimya kile kikafika nyumbani, na mama akaja mbio, uso umemwiva.

"Kidawa! Unaniaibisha! Mchumia juani hulia kivulini. Wewe umeanzia kivulini?"

"Mama, hesabu masuke yaliyoliwa. Kwangu na kwa dada."

Bi Siwatu akahesabu. Akarudia kuhesabu. Yalikuwa sawasawa. Akaenda zake, na majirani akawaambia Kidawa anaumwa koo.

Riziki naye, tuseme kweli, alikuwa mvivu. Siku ya kumi na mbili alishuka akawaambia wenzake, "Dada zangu, nishikieni sehemu yangu siku mbili." Akachukua mundu, akaenda mtoni. Alikuwa ameona kwamba ndege hawaingii kondeni moja kwa moja. Wanatua kwanza kwenye matete ya ukingoni, wanajaa, ndipo wanaruka pamoja. Riziki akayafyeka matete siku mbili, akatoka na viganja vimechanika, damu inamchirizika. Siku ya tatu ndege wakaja nusu. Akapanda dungu lake, akalala chali, akarusha dongo alipokumbuka.

Ikafika siku ya thelathini, mchana, jua la utosi. Kidawa amelala. Riziki amelala, hilo halihitaji kusemwa. Mashavu amesimama. Akawaona ngedere, kundi zima, wanatambaa kwenye tuta kuingia sehemu ya Kidawa. Akafungua kinywa apige kelele. Sauti hamna. Akagonga gogo. Ngedere hata hawakugeuka, wameshalizoea gogo lile. Akashuka, akakimbia na miguu ile ile iliyovimba, akaanguka, akainuka, akawaingilia kwa fimbo mpaka wakatimka kabla hawajavunja suke. Kidawa alipoamka alimkuta dada yake amepiga magoti kwenye tope, analia. Hakuumia popote. Alilia kwa uchovu tu, na uchovu ukifika hapo hauna jina lingine.

Siku ya arobaini, siku ya kuvuna, wingu likaja jeusi kutoka milimani, mapema kuliko miaka yote. Bonde zima likahangaika kutafuta vyombo. Huyu anaazima vikapu, yule ndiyo kwanza anasuka kanda, mwingine anabeba mpunga kwa kanga yake. Kwa Bi Siwatu makanda thelathini yalikuwa tayari. Wakakata, wakajaza, wakabeba. Kanda la mwisho lilipovuka kizingiti, mvua ikamwagika. Mwaka ule mpunga wa kijiji kizima ulilowa, isipokuwa wa nyumba moja.

Bi Siwatu akautandika mkeka katikati ya nyumba. Akasema, "Wanangu, mkeka huu hapa. Semeni."

Mashavu akasema kwa kunong'ona, mama akainama kumsikia. "Nilisimama siku arobaini. Mnasema nilipiga hewa. Sawa, nilipiga hewa. Lakini siku hewa ilipoleta ngedere, nani alikuwa macho? Nyinyi mlilala kwa sababu mimi nilisimama. Na mgongo wangu, mama, unaujua."

Kidawa akasema, "Dada yangu nampenda, na pale topeni aliniokoa. Lakini sauti yake haikuuawa na ndege. Imeuawa na maneno ya majirani. Nilimwambia mapema, akanifukuza. Mpunga wangu ulitoka sawa na wake kwa nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ikatuletea makanda. Bila makanda, leo tungekuwa tunalia na wenzetu. Mkimpa mkeka kwa sababu amechoka kuliko sote, mwakani bonde zima litajichosha makusudi."

Riziki akasema, "Mimi nilifanya kazi siku mbili. Najua. Lakini ndege waliopungua walipungua kwenye madungu yote matatu. Usingizi wa dada Kidawa ulikuwa mtamu kwa mundu wangu, na dada Mashavu angezimia siku ya kumi na tano. Nipimwe kwa siku nilizokaa juani, au kwa ndege wasiokuja?"

"Na hizo siku mbili," Mashavu akanong'ona, "sehemu yako aliishika nani?"

"Nyinyi. Sikukataa."

"Na mgongo wangu?"

Hapo Kidawa akatazama chini. Riziki akatazama chini. Hakuna aliyesema, basi, chukua mkeka.

Bi Siwatu akafungua kinywa akate shauri. Akakifunga. Akamtazama mkubwa, akamtazama wa kati, akamtazama mdogo. Akasema, "Subirini nifikiri." Akaketi ukingoni mwa mkeka. Akaegemeza kichwa mkononi. Mkono ukateleza, kichwa kikashuka, na usingizi ukamchukua hapo hapo, mdomo wazi, miguu yenye tope bado iko sakafuni. Ulikuwa usingizi wa mtu ambaye tangu alipoota meno hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Wale watatu wakasimama wakimtazama. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Nje mvua inanyesha, ndani makanda thelathini yamejaa, asubuhi lazima mchi ushikwe, na mkeka ni mmoja.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mnapiga miayo. Msiniangalie mimi. Asubuhi hiyo nani aushike mchi, na nani aachwe alale? Je, kati ya wote waliokuwamo ndani ya nyumba ile, nani aliustahili mkeka?