Goti la Tegemeo

Hapo zamani, na wala si zamani ya babu zenu, msije mkanisingizia, ni zamani ya juzijuzi hii watu walipokuwa wameshaanza kutembea na simu za kupapasa, palikuwa na mji mmoja wa baridi huko nyanda za juu kusini. Mji wa viazi na mbao. Ukungu uliingia bila hodi na kuondoka ukipenda wenyewe. Sogeeni basi. Na wewe unayekohoa, kohoa yote umalize, maana nikishaanza sirudii.

Katika mji huo palikuwa na kibanda umiza, kile kibanda cha mabati ambamo watu hubanana kutazama mpira kwenye televisheni. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke, Dada Atupele, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kugawa chai. Mle ndani palikuwa na jiko moja la mkaa, na mbele ya jiko kiti kimoja chenye mto. Wengine wote walikaa kwenye mabenchi, migongo ikipigwa na baridi. Kiti kile ndicho kilichogombewa.

Kiligombewa namna hii. Kila mwaka, kabla Kombe la Wilaya halijaanza, watu wa kibanda walichagua wachezaji. Hawakuwanunua wala hawakuwalipa. Waliwachagua kwa mdomo tu, kila mtu na timu yake ya kichwani. Mchezaji wako akifunga, unapata pointi. Akitoa pasi ya goli, unapata pointi. Akikaa nje, unakatwa. Na utamu wenyewe ulikuwa kwa chipukizi, wale vijana ambao hawajawahi kucheza Kombe, kwa sababu pointi zao zilihesabiwa mara mbili. Kila mtu alichukua chipukizi mmoja, na ukishamtaja humbadilishi mpaka Kombe liishe. Wenyewe walisema umeshafunga ndoa. Mwenye pointi nyingi alikalia kile kiti mwaka mzima. Ni hicho tu walichokuwa wanakitafuta, kiti.

Basi kabla ya siku ya kuchagua, watu walikwenda uwanjani kuwapima vijana wakiwa mazoezini. Nani ana mbio, nani ana pumzi, nani ni kelele tupu. Na palikuwa na sheria ya benchi: ulichokiona ni chako. Ruksa kumsifia kijana usiyemtaka, wenzako waingie mkenge. Ruksa kunyamaza. Marufuku kutangaza kasoro ya kijana kabla Kombe halijaisha, kwani hapo umewaharibia wote mchezo. Mnacheka nini? Walikuwa watu wazima na akili zao, na sheria hiyo waliiheshimu kuliko nyingine nyingi.

Mwaka huo akatokea Tegemeo. Winga wa kushoto, mwembamba, mpole, ukimsalimu anatazama chini. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, na mama yake alikuwa na baridi yabisi, vidole vimepinda hawezi hata kufunga kanga vizuri. Jembe alikuwa hawezi kulishika kabisa. Asubuhi Tegemeo alilima viazi, jioni akaenda mpirani. Shamba lile ndilo lililowalisha, hawakuwa na kingine.

Waliomtazama Tegemeo walikuwa wengi, lakini hadithi yangu ni ya watatu.

Wa kwanza ni Mzee Nyagawa, refa mstaafu. Wenzake walitazama mpira, yeye alitazama miguu. Akaona Tegemeo akiruka anatua kwa mguu mmoja. Akaona akigeukia kulia anauma meno. Mazoezi yakaisha, vijana wakatawanyika, mzee akajifanya anatafuta kofia yake, kumbe anachungulia. Akamwona Tegemeo nyuma ya goli amechuchumaa, anaminyaminya goti.

"Goti bovu hilo," akajisemea. "Likipumzishwa mwaka huu, litapona. Likicheza Kombe zima, basi tena."

Kocha alikuwa amesimama palepale, anafunga kamba za mfuko wa mipira. Mzee akampita. Njia ya kwenda kwake inapita mlangoni kwa mama Tegemeo. Mama alikuwa nje anaota kajua.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Mwanangu umemwona huko?"

"Nimemwona. Anacheza vizuri."

Akaenda zake. Aliona, akanyamaza. Kwa sheria ya benchi hakukosea.

Wa pili ni Luoga, fundi simu, kijana wa maneno mengi. Luoga alikuwa amemtaka mshambuliaji mmoja wa timu ya watu wa mbao, akaogopa asije akawahiwa. Afanyeje? Akamrekodi Tegemeo kwa simu. Kila Tegemeo alipochechemea, akafuta. Alidhani ni uzembe tu wa kijana mchovu. Kila alipopiga chenga, akaacha. Akaituma video kwenye kundi la watu wa kibanda, na chini yake akaandika: Winga kama huyu mkoa huu haujapata. Atakayemwacha atalia.

Yeye mwenyewe alikuwa haamini hata neno moja. Alisifia, akacheka pembeni. Kwa sheria ya benchi hakukosea.

Lakini sifa ikishatoka haiulizi sheria za benchi. Video ikatoka kwenye kundi lile ikaenda kundi lingine, ikafika sokoni, ikafika kwa kocha. Kocha alikuwa amepanga kumwanzisha Tegemeo nje, aingie dakika za mwisho, ajifunze taratibu. Ataanzaje sasa kumweka nje, na mji mzima unaimba jina lake? Akampanga tangu dakika ya kwanza, mechi baada ya mechi.

Wa tatu ni Dada Atupele mwenyewe. Kura ya kuchagua mwanzo ilimwangukia yeye, na video ile alikuwa ameshaitazama hadi chaji ikaisha. "Tegemeo!" akapaza sauti. "Huyo ni wangu, msinisogelee!" Luoga akainama kuficha kicheko. Mzee Nyagawa akanywa chai.

Na Atupele alimpenda kijana yule, jamani, tusimdhulumu. Chai ya maziwa bure. Mayai ya kuchemsha. Baridi ikizidi alimpa sweta la mumewe. Tegemeo akifunga, Atupele akirudi kibandani anaruka mpaka mabati yanatikisika. Pointi zikapanda. Ikafika nusu fainali, Atupele na Mzee Nyagawa wamelingana.

Asubuhi ya nusu fainali Tegemeo akaja kibandani, anaburuta mguu.

"Dada, goti limevimba."

"Mama umemwambia?"

"Atanizuia."

"Kocha je?"

"Kocha ataniweka nje."

Atupele akapandisha suruali ya kijana, akaliona goti, limeumuka kama andazi. Akashika kinywa. Huruma ilimwingia, kweli kabisa ilimwingia. Halafu akakigeukia kile kiti mbele ya jiko. Mchezaji akikaa nje, unakatwa.

Akachemsha maji, akamkanda. Akamfunga bandeji. Akamtolea vidonge vya maumivu.

"Jikaze, mdogo wangu. Funga goli moja tu, halafu omba kutoka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Tegemeo akafunga. Mapema tu, kona ya mbali, kipa hakugusa. Kocha akamwonyesha ishara kutoka pembeni: vipi, unaweza? Kijana akasikia jina lake uwanja mzima. Jina lake, la mtoto wa yule mama wa vidole vilivyopinda! Nani kati yenu aliwahi kuitwa na mji mzima? Akainua kidole gumba, naweza. Mpira ukamjia, akaudhibiti, akageukia kulia.

Mzee Nyagawa alifumba macho kabla kijana hajaanguka.

Walimbeba kwa ubao wa mbao. Huko hospitali daktari akasema kano zimekatika, na zilikuwa zimeshaanza kuachia siku nyingi. Akauliza, mbona hamkumpumzisha? Akasema atatembea kwa gongo. Goti halitakunjika tena. Mpira asahau, na jembe pia, maana mlimaji asiyeweza kupiga goti wala kuinama atalimaje viazi kwenye mteremko?

Kombe likaisha. Atupele akakatwa pointi za fainali. Mzee Nyagawa akakalia kiti mbele ya jiko.

Siku moja, kibanda kimejaa, mtu mmoja akasema, "Masikini Tegemeo. Ile ilikuwa bahati mbaya."

Mzee akaguna. Alikuwa anawashwa kulisifia jicho lake, na Kombe lilikuwa limekwisha, sheria imemfungua mdomo. "Bahati gani? Goti lile lilikuwa bovu tangu mazoezini. Mimi nililiona."

Aliyekuwa anamimina chai akaacha kumimina.

"Uliliona?" Atupele akauliza. "Uliliona, ukaniacha nimchague?"

"Ningekwambia ningevunja sheria. Na wewe je? Mimi niliona kwa mbali. Wewe ulilishika kwa mikono yako, ukalifunga bandeji, ukampeleka uwanjani!"

"Nilimwambia afunge goli moja atoke!"

"Ulimpa vidonge asisikie maumivu. Asiyesikia maumivu atatokaje?"

"Na huyu?" Atupele akamgeukia Luoga. "Bila mdomo wake kijana angeanzia benchi. Mji mzima ungemjua saa ngapi?"

Luoga akaruka. "Mimi goti sikulijua! Haki ya Mungu sikulijua! Nyie mlilijua wote wawili. Mimi nilisema uongo wa mchezo tu, kama kila mtu humu."

"Uongo wako ndio uliomchezesha," mzee akamwambia.

"Ukimya wako ndio uliomvunja!"

Maneno kama hayo hayakai ndani ya mabati. Jioni ileile yalishamfikia mama Tegemeo, na kesho yake akaja, mvua inanyesha, akasimama mlangoni mwa kibanda. Wanaume wakainuka kumpisha. Mzee Nyagawa akakiacha kiti, akamwambia, "Pita mama, ota moto." Mama hakupita.

"Sikuja kuota moto. Mmemaliza kugombana?"

Luoga akapunguza sauti ya televisheni.

"Mvua ndiyo hii. Mbegu zangu zimeshachipua ndani. Mikono yangu mnaiona." Akainyoosha, wakaiona, wakatazama chini. "Mwanangu mlimchezea. Sasa nataka mtu wa kushika jembe lake. Alime, apande, apalilie, avune. Mwaka huu na mwaka ujao na mwingine, mpaka nife. Na nikifa, amlimie Tegemeo."

"Mama, tutakuja wote!" Luoga akasema. "Kibanda kizima! Kesho asubuhi!"

"Kibanda kizima kitakuja wiki ya kwanza. Wiki ya pili mtakuja nusu. Wakati wa kupalilia nitamwona nani? Nataka mmoja."

Atupele akafuta machozi kwa kanga. "Basi mimi, mama. Mimi nitakuja. Najitolea."

"Sitaki wa kujitolea, mwanangu. Wa kujitolea akichoka anaaga, na mimi nitamshukuru, ataenda. Namtaka anayestahili. Huyo hawezi kuniaga."

Hapo nyuma yake akatokea Tegemeo kwa gongo lake, amelowa, anahema. "Mama, twende nyumbani. Waache. Mimi ndiye niliyeinua kidole. Kocha aliniuliza nikasema naweza. Kosa ni langu."

Mama akageuka, akamtazama mwanawe, na uso wake, jamani, sijui niusemeje. "Hata likiwa lako," akamwambia polepole, "wewe jembe huwezi. Nyamaza, baba."

Tegemeo akalia. Alilia mbele za watu, kijana yule aliyekuwa anatazama chini akisalimiwa, na hakuna aliyejua mikono aiweke wapi.

Mzee Nyagawa akasema kwa sauti ya chini, "Mama, chagua wewe basi. Umtakaye, ataenda."

"Mimi sijui kuchagua watu," mama akasema. "Ninyi ndio kazi yenu. Mnawatazama watoto wa wenzenu wakikimbia, mnajua nani mzima na nani mbovu, nani atafaa na nani hatafaa. Haya. Tazameni humu ndani, mnipe jina."

Wakatazamana.

Msinitazame mimi, mimi nimeshasema yangu. Najua kuna mtu hapa ameshataja jina moyoni, namwona anavyotikisa kichwa. Umesema Nyagawa? Mzee hakugusa goti lile wala hakumdanganya mtu, alishika sheria waliyokubaliana wote, wewe ukiwemo kama ungekuwa pale. Umesema Luoga? Unamtwisha jembe la maisha mtu ambaye hakujua kitu. Umesema Atupele? Ndiye pekee aliyemlisha, ndiye pekee aliyejitokeza, na unataka umwadhibu kwa kuwa alikuwa karibu. Au ni kocha, aliyetii kelele? Au unataka kurudi kwa Tegemeo mwenyewe, na umwambie hivyo mama yake usoni?

Mama hajaondoka. Amesimama mlangoni, mvua inampiga mgongoni, anasubiri jina moja tu. Haya, semeni ninyi, na asiwepo wa kuniambia ni wote: nani alistahili kulishika jembe lile?