Kodiani Mbili za Gikondo

Katika kwaya ya kanisa moja la mtaa wa Gikondo, hakuna aliyethubutu kumkosoa mwalimu wa kwaya, Niyonzima. Alikuwa Mrundi wa makamo, mpole wa sura lakini mkali kama pilipili penye muziki. Kodiani yake kubwa, yenye vibao vyeupe na vyeusi kama vya piano, aliitunza kama mboni ya jicho. Alipoipiga, nyimbo za ibada zilitiririka kama mafuta.

Mwimbaji wake hodari, Nyokabi, alikuwa Mkenya. Mumewe Njoroge, fundi wa gereji, naye alipiga kodiani, ila yake ilikuwa ndogo, ya vifungo, iliyotoa sauti moja ikivutwa na nyingine ikisukumwa. Kwa kodiani hiyo aliwachezesha Wakikuyu wenzake mwomboko, dansi ya kwao ya wawili wawili. Siku moja alipoileta mazoezini, Niyonzima aliisikiliza kidogo tu.

"Bwana Njoroge, hii inahema kama mgonjwa wa pumu. Iko ya kilabuni, si ya kanisa."

Wanakwaya wakaangua kicheko. Njoroge akafunga mkanda wa kodiani yake, akaondoka. Nyokabi hakucheka.

Mwaka haukupita, maradhi yakamwandama Nyokabi hata akakonda kama ng'onda. Niyonzima alipokwenda kumjulia hali, mgonjwa alimshika mkono.

"Mwalimu, nikifa, nataka mwomboko wa harusi yetu upigwe kaburini."

"Utapigwa, dada yangu," Niyonzima aliahidi. Lakini moyoni alikusudia kuupiga mwenyewe, kistaarabu. Alikuwa amemsikia Nyokabi akiuimba mara nyingi, akaamini ameushika.

Siku ya mazishi ikafika. Niyonzima akaupiga ule mwomboko kwa ufundi wake wote, laini, bila mkwaruzo. Waombolezaji kutoka Kenya wakatazamana. Mama mzazi wa Nyokabi akamwinamia mkwewe.

"Baba Pamela, huu ni wimbo gani?"

"Ni ule wa harusi yetu, mama."

"Siujui," alisema bibi kizee, machozi yakimtoka.

Niyonzima alisikia. Vidole vyake vikaganda juu ya vibao. Alitamani ardhi impasukie. Mbele ya watu wote akamwendea Njoroge.

"Mzee, kodiani yako iko wapi?"

"Nyumbani. Ulisema ina pumu."

"Nilikosa, nisamehe. Ilete, tutakungoja."

Wakangoja juani, jeneza likiwa mbele yao, mpaka Njoroge aliporudi. Alipovuta na kusukuma, ule mhemo uliochekwa ndio uliozipa nyayo mahali pa kukanyaga. Mama akanyanyuka. Akapiga hatua mbili, akainama, mikono yake imekumbatia hewa kana kwamba anacheza na bintiye. Hapakuwa na jicho kavu.

Wimbo ulipokwisha, Njoroge akamgeukia Niyonzima.

"Sasa piga ule wa Bikira Maria, Mwalimu. Nyokabi aliupenda ukiupiga wewe. Mimi siuwezi."

Niyonzima akaupiga kama alivyozoea, wala hakujaribu kumwiga mwenzake. Kwa sauti hiyo Nyokabi akateremshwa kaburini.

Tangu siku hiyo, vijana wa kwaya wakibishana kodiani ipi ni bora, Niyonzima huwakatiza kwa upole. Huwaambia kwamba alikaribia kumnyima marehemu wimbo wake kwa kudhani kuwa masikio yake ndiyo masikio ya wote. Kumbe kila ndege huruka kwa ubawa wake.