Mama Aliyechomoa Waya wa Printa

Tulieni kidogo, wapendwa. Kwaya, asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, nafasi zipo, na msiogope, leo sichangishi.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi za wilaya mpaka akastaafu. Jina lake silitaji, wala msianze kutazamana. Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na alikuwa na kompyuta. Kompyuta yenyewe ya zamani, ile ambayo ukiiwasha inaunguruma chini ya meza, naye alikuwa ameifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kwa kompyuta hiyo aliandika matangazo ya usharika wake kila wiki: ndoa zinazotangazwa, zamu za kusafisha kanisa, nani amejifungua na nani anauguza. Kazi aliijua. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kutazama chini.

Mtoto alikuwa mjini, mbali, na kazi yake ilikuwa ni hizo hizo kompyuta. Pasaka moja akaja nyumbani. Mama akachinjisha jogoo, akapika ndizi kwa nazi, akatoa vile vyombo vya kabatini ambavyo hata mchungaji huwa hatolewi. Kijana akaingia, akasalimia, akapita moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kompyuta.

"Mama, mpaka leo unatumia mfumo huu? Umeshaachwa huu. Hata waliouunda hawautunzi tena. Wezi wa mtandaoni wakiingia humu watabeba kila kitu."

"Watabeba nini, baba? Zamu za kufagia kanisa?"

Kijana akacheka, lakini akavuta kiti. Akaanza kuingiza mfumo mpya. Ninyi mnaotumia vyombo hivi mnajua ilivyo. Kioo kinakuwa cheusi, kiduara kinazunguka, maandishi yanakuambia subiri, usizime. Akasubiri. Alikula akiwa ameshika sahani mkononi, uso kwenye kioo. Mama alikaa kwenye kochi nyuma yake, akawa anautazama mgongo wa mwanawe. Kila alipotaka kusema neno, kijana alisema, "Ngoja kwanza, mama, hapa pagumu." Kazi ilipokamilika, likizo nayo ilikuwa imekwisha. Akabeba begi akaenda kupanda basi.

Mmewahi kumwona mtu aliyekuja na hakufika? Basi ndiyo Pasaka ile.

Kijana alipoondoka, shida zikaanza, na za kweli kabisa. Printa haikuonekana. Mama anaamuru karatasi zitoke, kompyuta inamjibu kwamba haijui printa yoyote, na printa ipo hapo pembeni inamtazama. Alama za kufungua na kufunga usemi zilikuwa zimehama vitufe, akizitaka inakuja ile alama ya barua pepe. Kioo kilikuwa kinajizima akiwa bado anasoma. Na pale pa kuzimia kompyuta hapakuwepo tena, pamehamishiwa upande mwingine. Mama akakaa mbele ya meza yake mwenyewe kama mgeni. Akampigia mwanawe simu.

Hapa nisimame kidogo, maana mfano wote uko hapa. Mama yako akikupigia simu siku ya kazi, neno la kwanza unalomwambia ni lipi? Semeni. Mbona kimya? Unasema, "Mama, kuna shida?" Naye akisema hapana mwanangu, nilikuwa nakusalimia tu, wewe unasemaje? "Basi nitakupigia baadaye." Na hiyo baadaye mnaijua wenyewe.

Mama yule alikuwa ameshaambiwa baadaye nyingi. Lakini siku ile, kijana alipouliza kuna shida, kwa mara ya kwanza mama alikuwa na jibu.

"Ipo, baba. Printa haitaki."

Kijana hakukata simu. Akatulia. Akamwelekeza bonyeza hapa, fungua pale, unaona nini, nisomee. Mwisho akasema, "Sasa mama, izime uiwashe." Ile kompyuta, kwa uzee wake na huo mfumo mpya mzito, ilichukua muda mrefu sana kuwaka. Na wakati inawaka, wapendwa, hakuna cha kufanya. Fundi hana cha kuelekeza, mgonjwa hana cha kueleza. Watu wawili wamebaki kwenye simu.

"Umekula leo?" mama akauliza.

"Nilikula chipsi, mama."

"Chipsi si chakula. Na mtoto? Jino limetoka?"

"Limetoka. Amemng'ata mama yake."

Wakacheka. Kijana akamsimulia habari za kazini, bosi mpya, nyumba wanayotaka kuhamia, na kwamba siku hizi mgongo unamuuma. Mama akamwambia asikae sana. Ndipo kompyuta ikawaka, printa ikatema karatasi, kijana akasema, "Haya mama, tayari," akakata. Mama akabaki ameshika simu sikioni, furaha imemjaa. Hata kitambaa alisahau kukirudisha.

Wiki hiyo alipiga simu kwa ajili ya vitufe, kwa ajili ya kioo, na kwa ajili ya sauti isiyotoka. Kila mara ilifika pale pa "izime uiwashe," na kila mara wakaongea. Hakuwa ameongea na mwanawe namna hiyo tangu baba mtu azikwe.

Lakini kijana alikuwa fundi mzuri. Shida moja moja zikaisha. Siku ikafika mama akaiwasha kompyuta, kila kitu kikaenda sawa, matangazo yakachapwa kabla chai haijapoa. Akakaa pale. Akatazama simu. Atapiga aseme nini?

Akainama chini ya meza, akachomoa waya wa printa.

Mnacheka. Chekeni. Mimi mwenyewe niliposimuliwa hapa nilicheka. Akampigia, kijana akauliza lile swali ambalo kila mzazi ameshaulizwa, "Mama, umegusa nini?" Na mama, mzee wa kanisa, mwenye kipindi chake cha maombi kila Jumatano, akasema, "Sijagusa kitu, baba." Alidanganya. Nani hapa atamrushia jiwe?

Kijana akamwelekeza mpaka kuzima na kuwasha, wakapata mazungumzo yao kidogo, lakini safari hii alikuwa na haraka. Mwishoni akagundua. "Mama, ni waya tu. Siku nyingine angalia waya kwanza kabla ya kunipigia." Basi mlango huo ukafungwa. Mama akajifunza mingine. Akajua pa kuzima sauti, akajua pa kuvuruga vitufe. Yule mama, niwaambie, kwa kutafuta namna ya kuiharibu kompyuta alikuwa ameijua kuliko vijana wengi waliomo humu ndani. Anaiharibu kidogo, kwa adabu, halafu anapiga simu.

Siku moja simu yake ikamkuta kijana yuko kikaoni mbele ya wakubwa. Akatoka nje, sauti ya chini, amekasirika ila anajizuia, maana ni mama.

"Mama, nisikilize. Nitakuwekea programu. Nikishaiweka, mimi mwenyewe nitakuwa naingia kwenye kompyuta yako nikiwa huku huku, narekebisha. Huna haja hata ya kupiga simu. Niandikie ujumbe tu, neno moja. Hutasumbuka tena."

"Nilikuwa sisumbuki, baba," mama akasema.

"Najua, mama. Lakini hivi ni bora."

Na ilikuwa bora, wapendwa, hilo siwezi kulikataa. Kijana yule hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anamtunza mama yake kwa njia aliyoijua, na kazi yake ilikuwa kuondoa matatizo.

Akamwelekeza kwa simu mpaka programu ikaingia. Siku ya pili mama akatuma ujumbe, neno moja: sauti. Akakaa mbele ya kioo. Punde si punde akauona ule mshale mdogo wa kwenye kioo ukitembea. Yeye hajagusa kitu. Mshale unapanda, unashuka, unafungua, unafunga, unajua unakokwenda. Mama akaweka mkono kifuani. Ulikuwa mkono wa mwanawe ule. Alikuwa ameingia nyumbani.

"Karibu, baba," akauambia mshale.

Jirani yake, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akasimama mlangoni.

"Dada, unaongea na nani?"

"Na mwanangu."

"Amekuja? Yuko wapi?"

"Si huyo hapo," mama akasema, akaonyesha mshale kwa kidole.

Jirani akatazama mshale, akamtazama mwenzake, akachukua chumvi yake akaondoka.

Siku iliyofuata mama alivuruga vitufe, akatuma ujumbe. Kabla mshale haujafika alioga, akavaa kitenge kizuri. Kisha akafungua ule ukurasa anaoandikia matangazo, maana alikuwa amewaza: mimi nauona mshale wake, basi yeye anakiona kioo changu. Akaandika katikati, kwa herufi kubwa: UMEKULA?

Mshale ukaja. Ukafanya kazi yake upesi upesi. Ukafika kwenye ule ukurasa, ukasimama. Mama akasogea mbele ya kiti. Kompyuta ikauliza, kama kawaida yake, yaliyoandikwa hapa yahifadhiwe au yasihifadhiwe? Mshale ukaenda kwenye yasihifadhiwe. Ukabonyeza. Ukurasa ukafungika, kompyuta ikajizima ili iwake upya, na kwenye simu ukaingia ujumbe: Tayari mama, ipo vizuri.

Akajisemea labda hakuona, ana kazi nyingi. Mara nyingine akaandika zaidi. Akamwandikia kwamba mgongo asiupuuze, kwamba kaburi la baba yake limeota majani naye ameyang'oa, kwamba nyumba ni kubwa siku hizi. Kwa kuandika alikuwa hodari, mnakumbuka kazi yake. Mshale ukaja, ukafika, ukaulizwa swali lile lile, ukabonyeza pale pale. Kijana alikuwa na kompyuta nyingine nyingi zinamngoja. Aliona ukurasa umeachwa wazi, akaufunga. Wewe je? Ungeusoma?

Mama akalia. Alilia mbele ya kompyuta nzima, isiyo na kasoro, huku akikausha vitufe kwa kitambaa alichokifuma ili maji yasiingie, kwa sababu yakiingia itaharibika, na ikiharibika atamsumbua.

Na kijana, ili amalize kabisa, akaipanga kompyuta ile iwe inajirekebisha yenyewe. Ikivurugwa, inarudi ilivyokuwa. Mshale haukuja tena, maana haukuwa na la kujia.

Sasa nawaona. Akina mama mmeshashika leso. Mnangoja niseme mama yule akafa, mtoto akaja akilia, akaanguka juu ya jeneza. Ndivyo mifano yetu inavyokwishaga.

Hakufa.

Yupo. Yu mzima, hana hata presha. Jumapili hii ameandika matangazo, yamechapwa vizuri, yamesomwa kanisani kwake. Na hilo ndilo linaloniuma, ndugu zangu. Angekufa, kijana yule angepewa ruhusa kazini siku hiyo hiyo. Angekodi gari, angekesha njiani. Ofisi ingechanga, tungeshona sare, tungekuja na mabasi, na msemaji wa familia angetuambia jinsi mtoto alivyompenda mama yake, na lingekuwa kweli. Lakini mama hajafa, na kompyuta yake haijaharibika. Basi nani aende? Kufanya nini?

Sisi ndivyo tulivyo. Tunatuma pesa, tunaezeka paa, tunalipia king'amuzi, tunamweka msichana wa kazi. Tunawaondolea wazazi wetu shida moja baada ya nyingine, mpaka tunawaondolea na sababu ya mwisho ya kutuita. Halafu tunasema, namshukuru Mungu, siku hizi mama hasumbui.

Katika mahubiri niliyoandaa, hapa nilikuwa nigeukie sala. Niseme kwamba na Mungu tunamwita kikiharibika tu. Ni kweli, lakini sitageukia huko. Nawajua. Nikiwapa sala mtapiga magoti hapa, mtatoka mna amani, na simu ya mama itabaki haijapigwa.

Kwa hiyo ibada tunaikata kidogo. Sadaka itangoja. Wote wenye mama, au baba, au yeyote aliyewalea, tokeni nje sasa hivi na simu zenu. Mpigieni. Akikuuliza kuna shida, mwambie hakuna. Akikuambia basi, sawa, baadaye, usikate.

Nendeni. Wazee wa kanisa, fungueni milango yote.

Na sisi tusio na wa kumpigia, tusogeleane hapa mbele, tuwangoje.