Kuta za Bi Semeni

Rangi haba haifuniki, hupamba. Wajukuu zangu, mmeyasikia maneno hayo leo kwa fundi cherehani mkadhani ni ya nguo. Wala! Methali hii ilianza hivi, katika sebule ya Bi Semeni pale Korogwe, na mimi jirani yake nilikuwapo.

Bi Semeni alikuwa na binti mmoja, Zaina. Posa ilitoka kwa Bi Mwanaidi, mama wa kijana aliyetaka kumwoa, mwanamke asiyemeza neno. Akatuma salamu kwamba Ijumaa, baada ya sala, wangekuja kusikia jibu. Bi Semeni akatazama kuta zake. Chokaa tupu, kote kote.

"Watasema mwanangu katoka ghalani," akaniambia, machozi yakimlengalenga. Aliogopa Zaina asije akadharauliwa hata kabla hajaolewa.

Majirani tukamletea mabaki ya rangi zetu. Makopo matano, kila moja lina kiasi cha kikombe. Bi Semeni akaona dawa ni kuzichanganya zote zienee kuta nne. Akamimina bluu ndooni, akamimina na ya chungwa, akakoroga kwa mwiko. Lo! Ikatoka rangi ya mchuzi wa dengu uliolala. Naye hakukoma, akashika kopo la tatu.

Zaina akamdaka mkono. "Mama, basi! Unaziua!"

"Sasa ukuta mzima nitaupaka nini?"

"Nani kasema mzima? Tazama kanga uliyojifunga. Ina pindo pembeni, ina mji katikati. Umeona wapi kanga ya rangi moja tupu?"

Bi Semeni akajitazama kiunoni. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi ikaanza! Tulichovya uzi kwenye masizi, huyu akashika huku, yule kule, ukavutwa na kuachiwa, pa! Mstari umenyooka. Njano ikapata mraba mkubwa nyuma ya kiti cha wageni. Kijani ikawa mistatili miwili kando ya dirisha. Nyekundu ilikuwa kidogo mno, tukaipa mkanda mwembamba juu ya mlango. Kwingine tuliacha chokaa yake. Jamani, chumba kilichangamka! Nilitoka nje nikaingia tena, nipate tu kukiona upya.

Ijumaa wakaja. Bi Mwanaidi alivua viatu, akaingia, akasimama katikati. Hakuketi.

"Rangi hizi mmezitoa wapi?"

Bi Semeni alikuwa tayari kusema zimetoka Tanga mjini. Zaina, aliyekuwa analeta kahawa, akamwahi. "Ni mabaki ya majirani, mama. Zilikuwa haba, hazikutosha kufunika ukuta, nikasema tupige mistari kwa uzi."

Bi Mwanaidi akaupapasa ule mraba wa njano. "Mimi nilipaka nyumba nzima, ndani na nje, na hakuna mgeni aliyewahi kugeuza shingo. Kumbe rangi haba haifuniki, hupamba!" Akamgeukia Zaina. "Mwanangu, kwangu utakuja lini na uzi wako?"

Zaina akainamisha macho. "Nikishakuwa wa kwenu, mama."

Vigelegele! Hakuna aliyeuliza tena jibu la posa.

Basi, wajukuu zangu, kidogo ulicho nacho usikivute kienee kila pembe mpaka kipotee. Kiweke panapoonekana, na usikionee haya. Rangi haba haifuniki, hupamba.