Ukuta wa Famau

Ujia haupimwi kwa mabega yako. Mmeisikia methali hii leo kwa fundi, mkacheka, kisha mkanijia mimi mkitaka kujua imetoka wapi. Haya, kaeni kitako. Imetoka kwenye ukuta wa mtu mmoja ambaye mwenyewe hakujua kukaa.

Mtu huyo aliitwa Famau. Alikuwa fundi wa mawe na chokaa, mwembamba kama ufito, na chai yake aliinywa akitembea. Aliishi katika mji wa mawe, ndani kabisa ya ujia mmoja mwembamba, nyumba huku na nyumba huku. Ujia uliishia pale, na nyuma ya nyumba hapakuwa na njia. Aliyetoka, alitokea mbele.

Mkewe, Mwanamize, alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Famau akapata wazo lililomnyima usingizi: auvute ukuta wa ukumbi wake nje, dhiraa moja tu, ili mtoto akizaliwa wageni wapate pa kukaa.

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi. Ukitaka kujenga kuelekea ujiani, kwanza mpitishe punda mwenye shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, iliyojaa pande zote mbili. Asipokwaruza, jenga. Akikwama, rudi nyuma.

"Famau mwanangu, punda yuko wapi?" akauliza Bi Tima, jirani wa upande wa pili, kutoka dirishani.

"Yuko machimboni, mpaka Ijumaa. Na chokaa yangu imeshalowa, Bi Tima. Nayo nikaiombe inisubiri?"

"Iombe."

Famau akacheka. Akaweka mawe mawili pale ukuta utakaposimama, akapita kati ya mawe hayo na nyumba ya Bi Tima, kifua mbele. "Nimegusa?"

"Hujagusa. Wewe hata tundu la sindano hutagusa!"

Kufika Alhamisi ukuta ulikuwa umesimama, mweupe, umenyooka. Watu wakaanza kupita ubavu ubavu kama kaa. Famau akawaambia watazoea.

Jumatatu, jua la utosi, uchungu ukamshika Mwanamize. Famau akazunguka ua mpaka mkunga akamfukuza. Kufika alasiri mkunga akatoka mwenyewe, mikono ina damu.

"Mtoto amekaa vibaya. Hospitali, sasa hivi."

Wanaume wanne wakakibeba kitanda na Mwanamize juu yake. Wakatoka mlangoni, hatua kumi, wakafika penye ukuta. Kitanda kikagota. Wakarudi, wakajaribu tena. Kikagota. Wakakiinua upande mmoja, Mwanamize akapiga ukelele.

"Mlazeni!" mkunga akafoka. "Mkimwinamisha damu itammaliza."

"Nitambeba mgongoni," Famau akasema.

"Umbebe ukamzike?"

Famau akakimbilia ndani, akarudi na mtarimbo. Akapiga. Ukuta ukamtazama. Akapiga tena, kikaanguka kipande kama kiganja. Masikini, alikuwa fundi kweli, na alikuwa ameshindilia mawe yale kwa moyo wote. Mara ya kwanza maishani mwake akaiombea kazi yake iwe mbovu.

"Chini, baba, piga chini!" Bi Tima akamwambia kutoka dirishani. Siku ile hakuwa na mzaha.

Wabebaji walisimama na kitanda mabegani, hawana mkono wa kumsaidia. Mwanamize alikuwa ameacha kupiga kelele, na kimya kile ndicho kilichomtia Famau wazimu. Akapiga chini, akapiga, ngozi ya viganja ikachunika, mpaka jiwe la msingi likachomoka na ukuta ukalala wote. Kitanda kikapita juu ya kifusi, naye Famau nyuma, mbio, na mtarimbo mkononi. Alisahau kuutupa mpaka alipozuiwa nao mlangoni mwa hospitali.

Siku ya nne Mwanamize akarudi nyumbani taratibu, ameshikwa mkono na Bi Tima, mtoto wa kike kifuani kwa baba yake. Penye kifusi akasimama, akamchokoza mumewe.

"Famau, ukuta wako uko wapi?"

"Nimeuvunja."

"Kwa nini? Si ulipima ukapita?"

"Nilipita mimi," Famau akasema. "Wewe hukupita. Ujia haupimwi kwa mabega yako."