Jiwe la Tatu Huletwa na Jirani

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu, na aliyeshika simu aiweke mfukoni, haitakimbia. Mmeniuliza kwa nini mafiga ni matatu, si mawili wala manne. Nitawaambia kama nilivyoambiwa na bibi yangu, na mwenye kubisha atabisha akishashiba.

Hapo kale, misitu ya milima hii ilipokuwa ikifika mpaka mlangoni, kila jiko lilikuwa na mafiga manne. Kijana alipooa, kwao walileta mawe mawili, na kwao binti wakaleta mawili. Wazee walipanga hivyo kwa nia njema, ili pasiwe na ukoo wa kusema chungu ni chake. Mambo yote yalikuwa sawa, isipokuwa chungu chenyewe.

Maana sakafu zetu za udongo hazijawahi kunyooka, na mawe ya mlimani hayazaliwi pacha. Chungu kikikalia matatu, la nne linabaki fupi. Ukilitia kigae chini, linakuwa refu kuliko wenzake. Kila nyumba chungu kilicheza, na kilipocheza, wa kwao mume walisema mawe ya kwao mke ni marefu, na wa kwao mke wakasema ya kwao mume ni mafupi. Ndoa nyingi zilivunjika hivyo. Ukoo ukikasirika unakuja, unang'oa mawe yake, na binti anarudi kwao siku hiyo hiyo.

Basi palikuwa na mke kijana, jina lake Nakijwa, ameolewa na Senkondo, wanapendana mpaka watu wanawachoka. Walikuwa na mtoto mmoja anayetambaa. Mwaka ule mvua ilikataa kabisa, na Nakijwa akabakiwa na kunde za chungu kimoja tu. Siku aliyozipika, mama yake mzazi na mama mkwe wake walikuwa wamekuja kumwona mjukuu, wote wawili na njaa zao. Wakwe wawili wenye njaa katika jiko moja, hapo sina la kuongeza.

Chungu kikachemka, kikacheza, kikalala upande. Nusu ya kunde ikaingia majivuni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwenye njaa huzoa, na Nakijwa alipiga magoti akaziokota moja moja, huku mama zake wakirushiana maneno juu ya kichwa chake.

"Mawe yenu hayo!" alifoka mama mkwe. "Nilisema tangu siku ya harusi, ni marefu mno."

"Yenu ndiyo yamezama," akajibu mama mzazi. "Mwanangu amekonda kwa kuinamia mawe yenu!"

Kila mmoja akachukua jani la mgomba, akashika jiwe moja la upande wake, likiwa la moto vile vile, akalivuta mpaka nje. Huko uani wakaapa kwamba wakishapumua watarudi kuchukua yaliyobaki. Senkondo akasimama mlangoni, hajui amfuate nani. Nakijwa alikuwa na kunde nusu chungu, mtoto analia, na alijua kwamba yale mawili yakitoka, jua halitazama yeye akiwa bado mke wa mtu.

Jirani yao, mjane aitwaye Namsifu, alikuwa amekuja kuomba kaa la moto, kwani wake ulikuwa umezimika. Huyu hakuwa ndugu wa upande wowote. Aliyaona yote, wala hakuuliza nani mwenye makosa, jambo ambalo mimi ningeuliza kwanza. Alirudi kwake, akang'oa figa moja katika manne yake, akalileta kichwani. Alijua kwamba akilitoa, siku ile yeye mwenyewe hatapika. Akalitua karibu na yale mawili.

"Injika, mwanangu," alisema. "Mtoto ale kwanza. Ya watu wazima yatangoja."

Nakijwa akainjika. Chungu kikatulia. Akakisukuma kwa mwiko, nacho kimetulia tu. Senkondo, kwa kujaribu, akasogeza jiwe moja, akalitumbukiza penye shimo. Chungu kikainama kidogo, lakini hakikucheza. Nyinyi mnaosoma hesabu mtanieleza vizuri zaidi, ila mimi ninavyojua, mawe matatu, yawe marefu yawe mafupi, yote hukigusa chungu. La nne ndilo mgomvi.

Wale mama wawili walipoona kimya, walichungulia. Kunde zikaiva, wakapewa na wao, wakala wameinamisha macho.

"Ahsante, jirani," mama mkwe alisema mwishowe. "Lile jiwe langu libaki huko huko nje."

"Na langu," akasema mama mzazi. Namsifu akachukua kaa lake la moto, akaenda kwake bila kungoja kupakuliwa.

Nakijwa akachota bakuli, akampelekea Namsifu, moyo ukimuuma kwa kuwa amemvunjia mtu meko yake. Akamkuta amewasha moto, amekaa anacheka peke yake. Chungu chake cha maji kilikuwa juu ya mawe matatu yaliyobaki, kimetulia tuli.

"Miaka yote hii, mwanangu," alisema Namsifu, "nilikuwa nikiumwa na mgongo kwa kushikilia chungu, kumbe dawa yake ilikuwa ni kugawa."

Na tangu siku hiyo, jiko letu likawa la mafiga matatu. Moja huletwa na kwao mume, moja na kwao mke, na la tatu huletwa na jirani, na upawa wa kwanza wa chungu cha kwanza huvuka ua kwenda kwake. Langu mimi lililetwa na mama Kiondo, wa nyumba ile ya hapo juu. Alipofariki babu yenu, ndugu zangu wote walikuwa mbali. Walipofika walikuta mama Kiondo ameshawasha moto, na uji wa wanangu umeiva. Namshukuru mpaka leo, na sijapata neno la kutosha.

Haya, chakula tayari. Chukueni bakuli kubwa, si hilo dogo, mpelekeeni mama Kiondo kabla hatujanawa mikono.