Kiti cha Pili Juu ya Bonde

Tegeni masikio, maana mwisho wa habari hii nitawaachia ninyi.

Bibi Namsifu wa milima ya Upare alikuwa na wajukuu watatu. Kajiru alisoma kila kitu mpaka mwisho, hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Nakunda alijua kulifanya jambo gumu lieleweke. Mbonea, mdogo wao, hakuweza kusema uongo hata akibembelezwa.

Bibi alikuwa na hamu moja. Ujana wake wote alishuka na kupanda bonde moja, mzigo wa tangawizi kichwani. Sasa kampuni ya utalii ilikuwa imevusha waya juu ya bonde hilohilo, watu wakipita wananing'inia kwenye viti. "Kabla magoti hayajaniaga," alisema, "nataka niione ile njia kutoka juu."

Wakaenda wote wanne. Mapokezini, msimamizi akamsogezea fomu. "Saini hapa chini tu, bibi."

"Ngoja kwanza, mke wangu," Kajiru akamtania bibi yake, akaivuta fomu. Akasoma mpaka herufi ndogo za mwisho, kisha akanyanyua uso. "Hapa unakubali kutodai chochote, hata wafanyakazi wakifanya uzembe."

"Kumbe nasaini kifo changu?" Bibi akakwapua mkoba wake. "Twendeni nyumbani."

Nakunda akamshika mkono, akamketisha, akazungumza naye Kipare taratibu. "Bibi, ukimpa mtu gunia lako la tangawizi abebe, mvua ikanyesha, akateleza, utamlaumu?"

"Mvua si yake."

"Na akiliangusha kwa kuwa hakulifunga kamba?"

"Atanilipa mpaka kipande cha mwisho!"

"Basi ya mvua saini. Ya kamba, kataa."

Bibi akacheka, akamgeukia msimamizi. "Baba, ya kamba ifute." Msimamizi akajikuna kisogo, akampigia simu mkubwa wake, kisha akaukata ule mstari na kuweka saini yake pembeni.

Likabaki swali la afya: una tatizo la presha? Bibi akaandika hapana, harakaharaka.

"Bibi," Mbonea akasema, "na vile vidonge ninavyokuchukulia zahanati?"

"Wewe! Nani kakuuliza?"

"Ukiwadanganya, hata wasipofunga kamba watasema kosa ni lako."

Bibi akanuna. Akaitazama kalamu. Mwishowe akabadilisha jibu. Mhudumu akampima, akampumzisha, akampima tena. "Unaruhusiwa, bibi. Ila utapanda kiti cha wawili, na mtu wako pembeni."

Hapo ndipo furaha ilipogeuka ubishi.

"Bila mimi ungesaini ukiwa umefumba macho," alisema Kajiru. "Tena mume haachwi nyuma!"

"Bila mimi," alisema Nakunda, "saa hizi ungekuwa jikoni kwako, umenuna."

Mbonea alikuwa anautazama waya. "Bila mimi kiti kisingekuwa cha wawili. Naogopa sana, bibi. Lakini nataka."

Bibi alikwisha kufungwa mkanda, kofia ngumu imekaa upande juu ya kilemba. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni, na hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya siku. Aliwatazama wajukuu zake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akajiona ndiye atakayepanda. Mkono wake ukapapasa kiti kitupu.

"Nani anapanda?" mhudumu akauliza.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: bonde ni hilo, kiti ni kimoja. Mngemfungia nani mkanda?